Kupatana hakuna mtu wa tatu

Bwana Mhariri,

Juma lililopita gazeti lenu liliweka "muafaka" kwenye kichwa cha habari, chini kidogo likasema "suluhu", mwisho "mapatano". Habari ni ileile moja. Mimi nauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, soko la Kadutu hapa Bukavu, Kifaransa changu ni cha kuhesabia pesa tu, ila maneno hayo nimeyalipia.

Maji ya paa la jirani wa juu yalikuwa yakishuka moja kwa moja jikoni kwangu. (Nyumba zetu zimepandiana mlimani, mnajua.) Mzee wa nyumba kumi akatukalisha, akaandika karatasi: "compromis". Nikauliza ndiyo nini. "Ni mapatano, mama." Nikatia kidole. Kumbe tumekubali, sisi wawili, lolote atakaloamua yeye! Akaamua nichimbe mtaro, kwa pesa yangu.

Mjukuu wangu anayesoma sheria alicheka mpaka akakaa chini. Eti mzee hakukosea Kifaransa: neno limetoka Kilatini, compromissum, na kwa Warumi wa kale lilikuwa hivyohivyo, wagomvi wawili kuahidiana kwamba watamtii mwamuzi waliyemchagua. Kulegezeana kamba ni maana iliyokuja baadaye. Kilichomshinda mzee ni Kiswahili.

Maana kupatana ni kupata, na ile "-ana" ya kupendana na kupigana. Mteja anauliza bei ya mwisho, nasema elfu tano, yeye tatu. Tunaangaliana. Naongeza kiganja cha sambaza juu ya fungu, anatoa nne. Tumepatana, na hakuna aliyetuamulia. Suluhu ni Kiarabu, amani baada ya ugomvi, na mara nyingi huja na msuluhishi wake. Muafaka nao ni Kiarabu, lakini kwangu unanuka meza za wakubwa: kule Zanzibar vyama vya CCM na CUF vilitiliana sahihi muafaka wa 1999, ikabidi vitiliane mwingine 2001.

Sisi huku tunasema pia "masikilizano", nalo kwenu silioni. Na pale mkubwa mmoja alipokata neno peke yake, andikeni "ameamua".

Mtaro nimeuchimba. Maji sasa yanaingia kwa jirani wa chini, na jana alikuja kuniuliza yule mzee anakaa wapi.

Mama muuza sambaza, Kadutu