Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Wanafunzi wa kompyuta wapewe kazi ya kweli wakienda field

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Natanguliza salamu na heshima. Mimi ni mtayarishaji wa programu hapa Dar es Salaam. Kila likizo ndefu ofisi yetu hupokea wanafunzi wa Sayansi ya Kompyuta wanaokuja field, yaani mafunzo kwa vitendo, na hao ndio ninaotaka kuwasemea.

Darasani wameiva, walimu wao wanastahili sifa. Muulize mmoja namna ya kupanga majedwali ya kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa ya kompyuta, ili taarifa zisijirudie, atakueleza bila kusita. Lakini kwa wengi wao, field ndiyo mara ya kwanza kugusa programu iliyoandikwa na mtu mwingine, yenye watumiaji wanaoisubiri.

Kijana mmoja tulimpa atengeneze fomu ndogo ya kusajili wateja. Namba ya simu akaiweka kama namba ya hesabu. Mfumo ukakubali, kimya. Jioni tulipofungua kanzidata, sifuri ya mwanzo ilikuwa imepotea kwa kila mteja: 0754 imekuwa 754. Hakuna aliyemgombeza. Alikaa nayo mpaka akaelewa kuwa namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi, kwa hiyo itunzwe kama maandishi. Kesho yake akaja na swali lake mwenyewe kuhusu namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, ndefu kuliko namba nzima ya kawaida inayoweza kutunzwa kwenye kanzidata. Hapo nikajua ameanza kufikiri kama mtu wa kazi hii.

Wenzake wengi hawaipati nafasi hata ya kukosea hivyo. Wanafika ofisini, wanapewa kazi ya kutoa kopi, kubadilisha wino wa printa na kuvuta nyaya, kisha wanasainiwa kitabu na kuondoka. Shahada yenyewe katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni ya miaka mitatu tu. Wakihitimu wanakutana na tangazo la kazi linalodai uzoefu. Wautoe wapi?

Mheshimiwa, hakuna mwenye mifumo mingi nchini kuliko Serikali. Malipo ya umma, maombi ya mikopo, maombi ya ajira, vitambulisho, vyote vinapita kwenye programu zinazohitaji watu kila siku. Naomba wizara yako, pamoja na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iagize kila taasisi ya umma yenye kitengo cha TEHAMA itenge kazi halisi kwa wanafunzi wa field, na kila mwanafunzi asimamiwe na mtu anayeandika programu au kuendesha mitandao.

Najua hoja ya usiri itakuja, na ni ya haki. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za wananchi si za kufanyia mazoezi. Ndiyo maana napendekeza nakala ya majaribio ya mfumo, yenye majina na namba za kubuni. Mwanafunzi aiharibu, airekebishe, mwananchi asiguswe. Gharama za mafunzo kwa vitendo tayari zimo kwenye mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kinachopungua zaidi ni msimamizi na kazi.

Humo ndimo kijana anapojijua. Mmoja atapenda kuandika programu, mwingine usalama wa mitandao, mwingine atang'ang'ania takwimu za benki au za hospitali. Hayo hayajulikani kwa mtihani wa nadharia, na ni bora yajulikane akiwa bado chuoni, muda wa kuchagua masomo na mradi wa mwaka wa mwisho ukiwepo.

Wanafunzi huanza kuzungusha barua za kuomba nafasi miezi kadhaa kabla ya likizo. Naomba waraka uwatangulie. Ukihitaji watu wa kuandaa hizo nakala za majaribio, sisi wa sekta binafsi tuko tayari kuitwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtayarishaji wa programu, Dar es Salaam