Kwa shoga wa marehemu mama

Mama Mdogo, shikamoo.

Natumai hujambo, na magoti yamekupa nafuu tangu mvua zilipokatika. Sisi huku Dar es Salaam wazima, alhamdulillahi, na wajukuu zako wanakuamkia. Barua hii nimeiweka mahali pa wazi kwa makusudi. Najua mjukuu wako ndiye atakayekusomea kwenye simu, tena kwa sauti, na waliokaa barazani watasikia. Nataka wasikie. Halafu wapo mashoga wengine wa mama zetu waliojifungia kimya majumbani mwao kama ulivyojifungia wewe, na huenda nao wanahitaji kuambiwa haya na watoto wa wenzao waliotangulia.

Dada ameniambia kwamba tangu arobaini ya mama hujatia mguu nyumbani. Anasema alikukuta sokoni Mgandini, huko Tanga, akakuuliza mbona kimya, ukamjibu: "Mwanangu, nitakwenda kwa nani sasa?" Neno hilo limenikaa kifuani. Nilishika simu nikaiweka, maana nikikusikia nitalia, nawe utalia, na tutaagana bila kusema kitu.

Siku ya msiba nilikuwa nakutazama. Wageni waliingia wakitupa mikono sisi watoto, wakawapa mikono mashangazi na mama wakubwa: poleni, poleni wafiwa. Wewe ulikuwa umekaa mkekani karibu na mlango wa chumba chake, na wengi walikupita, wakidhani ni jirani aliyekuja kusaidia jikoni. Hakuna aliyekosa adabu. Ni kwamba desturi zetu zimempangia kila mfiwa mahali pake. Mjane ana eda yake, miezi minne na siku kumi, na watu wote wanajua namna ya kumchukulia. Warithi wana mafungu yao, nusu, robo, thumni, theluthi, sudusi, yameshahesabiwa na hayana mjadala. Shoga wa miaka arobaini na kitu hana eda wala fungu. Matanga yakianuliwa anajifunga khanga yake anarudi kwake, na watu wanatarajia kesho yake atakuwa ameshapoa.

Jioni ile mjomba alisimama kutuhimiza ndugu tushikamane. Akasema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Namheshimu mjomba, na najua alikusudia heri. Lakini moyo wangu uliikataa methali ile pale pale, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwako. Waliozaliwa na mama walikuja kwa mabasi, wakazika, wakakaa siku zao, wakarudi kwenye shughuli zao. Siwalaumu, kila mtu ana maisha yake. Ila aliyekuwa akipanda bodaboda kila asubuhi kuja kumkanda mama miguu kwa mafuta ya nazi ulikuwa wewe. Aliyemsuka nywele zilipoanza kujifunga kwa kulala sana ulikuwa wewe. Na kule hospitali, mlinzi wa wodi alipokuzuia akikuuliza, "Wewe nani yake?" ulisema "Mdogo wake" bila hata kumeza mate, naye akakupisha. Nilikuwa nyuma yako na chupa ya uji. Sikuona kama umesema uongo.

Watu wakiwaona wazee wawili wameshibana namna ile, hudhani ni tabia zilizopatana. Nyinyi tabia hazikupatana hata kidogo. Mama alikuwa mtu wa maneno machache; wewe ukicheka unasikika barabara ya pili. Yeye alipenda kulala mapema. Wewe, enzi za usichana wenu, ulimtoa ndani kwa nguvu kwenda kwenye taarabu za Black Star na Lucky Star, na mpaka uzeeni alikuwa akilalamika kwamba ulimkosesha usingizi. Kwa nilivyoona mimi, kilichowafunga pamoja ni kazi za kila siku za nyumba mbili zilizokuwa zimepakana uani enzi zile, pale Ngamiani kwenye barabara zinazoitwa kwa namba. Sikumbuki hata siku moja umebisha hodi mlango wa mbele. Ulipita uani, ukafunua sufuria, ukaonja, ukaongeza chumvi, ndipo ukaamkia watu.

Mengine nimeyajua kwa kuwasikia mkiyarudia mkichambua mchele. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, na kwa watu wa Tanga, ambao Mombasa kwao ni mahali pa kwenda harusini na kurudi, hilo lilikata undugu mwingi. Ikaja vita na Idi Amin, 1978 hadi 1979. Kisha ikaja ile miaka ya foleni: duka la kaya, kipande cha sabuni kugawana watu wanane, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, mawe yaliyopangwa chini kushika nafasi za wenyewe waliokwenda kunyonyesha. Mmoja wenu alitoka alfajiri kwenda kusimama, mwingine akabaki na watoto wa nyumba zote mbili, akawaogesha wote kwenye karai moja. Aliyepata sukari aliipima kwa kikombe cha bati na kumpa mwenzake sehemu yake kabla hajaiingiza ndani kwake. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu walipokuwa wakitupa bidhaa baharini na vichakani kwa hofu, mama alikuletea usiku vitenge viwili vya Mombasa umfichie. Aliniambia hukuuliza vimetoka wapi. Alikuwa akilirudia hilo mara kwa mara, kwamba hukuuliza.

Na ile doti ya khanga! Ilipatikana moja, nanyi mko wawili, mkaikata katikati kila mmoja akachukua kipande. Mama alisema kwa muda mrefu mlikuwa mkitaka kuonekana mmevaa doti kamili lazima mtoke pamoja.

Mimi mwenyewe nakumbuka zaidi bakuli. Bakuli la maua mekundu lenye ufa mdomoni, ambalo hakuna aliyejua tena ni la nyumba ipi. Mwezi wa Ramadhani lilivuka ukuta kila jioni kabla ya adhana. Likienda na tambi lilirudi na kaimati, likienda na mihogo ya nazi lilirudi na mbaazi. Halikurudi tupu. Nilikuwa mbebaji wake, na nilikuwa nikionja njiani.

Nitalitaja na lile ambalo nyinyi wawili hamkupenda litajwe. Kuna mwaka mlinuniana. Chanzo hatukukijua, na mama ameondoka nacho, na sikuombi unieleze. Tulijua tu kwamba hamsemezani, maana nyumba ilikuwa kimya na sauti yako haikuvuka ukuta. Ramadhani ikaingia mkiwa bado mmenuna. Siku ya kwanza ya mfungo mama alipakua futari, akajaza lile bakuli, akanipa, akasema peleka. Hakutaja kwa nani. Wewe ukalipokea mlangoni bila neno, ukalimimina, ukalisuuza, ukajaza vyako, ukasema rudisha. Ikawa hivyo mpaka Iddi. Siku ya Iddi asubuhi ulipita uani, ukafunua sufuria ya pilau, ukasema haikukolea bizari, mama akakujibu kwamba mwenye ulimi wake aongeze mwenyewe, na ndiyo ikawa suluhu yenu.

Nimelifikiria jambo hili sana tangu mama afariki. Nimeolewa, nina nyumba, nimeona watu wakivunja urafiki wa miaka kwa ujumbe mmoja wa simu. Nyinyi hamkusubiri moyo upoe ndipo mtendeane wema. Mliendelea na wajibu, moyo ukafuata baadaye. Kama kuna kitu kimoja nataka wanangu wakipate kwenu, ni hicho.

Nina deni lako jingine ambalo huenda umelisahau. Mwaka nilipochaguliwa kwenda shule ya bweni, fedha hazikuwepo. Zamu ya upatu mwezi ule ilikuwa yako, na wewe ulikuwa umeshapanga kuezeka banda lako la uani. Ulimwendea kijumbe ukamwambia apewe mama. Tranka la bati, godoro, ndoo na viatu vyangu vyeusi vilitoka kwenye zamu yako, na banda lako lilivuja masika yote. Mama alinihadithia siku niliyopata kazi, akaniambia: "Ukipokea mshahara wa kwanza, mikono miwili inakungoja, siyo mmoja."

Mimi na rafiki zangu tunapendana, sitasema uongo. Yupo mmoja niliyesoma naye, tunaandikiana kila siku ya Mungu. Yeye yuko Mbagala, mimi Tegeta, na foleni za jiji hili unazijua. Nikiumwa ananitumia pole na hela kwenye simu, na namshukuru kwa dhati. Lakini hajui sufuria zangu zinakaa wapi. Wanangu hawajawahi kulala kwake. Tumeanza kulirekebisha hilo, Jumapili moja moja.

Sasa nirudi kwenye swali lako, kwamba utakwenda kwa nani. Madrasa tulifundishwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, baada ya kufiwa na Bibi Khadija alikuwa akichinja kondoo, anamkata vipande, anawapelekea marafiki wa Khadija. Bibi Aisha ndiye aliyesimulia, na hakuficha kwamba lilimtia wivu. Na Abdullah bin Umar, akiwa njiani kwenda Makka, alikutana na bedui mmoja, akampa punda aliyekuwa akimpanda na kilemba cha kichwani mwake. Wenzake wakashangaa, wakamwambia hawa mabedui huridhika na kidogo. Akawajibu kwamba baba wa mtu yule alikuwa rafiki wa baba yake, Umar, na kwamba alimsikia Mtume akisema katika wema ulio bora kabisa ni mtoto kuwaunga watu wa wale aliowapenda baba yake. Niliyasikia haya nikiwa mtoto, nikayaweka pamoja na visa vingine vya madrasa. Nimeyaelewa mwaka huu.

Kwa hiyo utakuja kwetu sisi, Mama Mdogo. Mama hakuturithisha nyumba na cherehani peke yake. Alituachia na wewe, na sisi hatuko tayari kukupoteza kwa sababu ya haya zako.

Tulipokaa kugawana vitu vyake tulikubaliana watoto wote, kwa ridhaa yetu, kwamba cherehani iende kwako. Wewe ndiye uliyekuwa ukimtungia uzi macho yake yalipoanza kuchoka. Kile kipande chake cha khanga tumekikuta chini kabisa ya sanduku, kimekunjwa. Hatukukihesabu kwenye mgawo. Ukitaka kukiunganisha na chako, ni chako.

Na lipo jambo la haraka. Binti wa kaka anaolewa baada ya Iddi ya Mfungo Tatu, inshallah. Posa imepokelewa, mahari yametajwa. Kaka alisimama mbele ya mashangazi akasema nafasi ya bibi mzaa baba haitakaa tupu, ataikalia Mama Mdogo. Hakuna aliyepinga, na shangazi mkubwa, ambaye unamjua alivyo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia. Kwa hiyo hutakuja kama mgeni mwalikwa, na usithubutu kuleta zawadi ya mgeni. Utakaa upande wetu. Kungwi hajachaguliwa, tunakungoja useme nani anafaa kumfunda mtoto yule, maana ni mkaidi na anahitaji mtu wa kumweleza mambo kwa upole. Khanga za sare nazo zimeleta mzozo: upande mmoja unataka nyekundu, mwingine kijani, na jina walilolipendekeza mimi sikulipenda, lina mafumbo ya kugombanisha watu. Mama asingelikubali. Njoo ulikatae wewe, mimi hawanisikilizi.

Dada atakuja na bajaji Alhamisi baada ya alasiri. Ukiona magoti yanakataa siku hiyo, mwambie mjukuu wako ampigie, atakuja Ijumaa asubuhi kabla ya swala. Usisahau miwani yako. Kuna orodha ya watu wa kualikwa upande wa mama, wa Pangani na wa Muheza, na hakuna aliyebaki anayejua nani ni nani isipokuwa wewe.

Wako mtiifu,
mwanao wa Tegeta