Barua kwa Salma: ni nani anayetetemesha mkono?

Busia, Uganda
10 Mei

Kwako Salma,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu mpakani. Barua yako nimeipata kwa mkono wa mjomba wako, imekunjwa mara nne na inanuka samaki, nikajua njia iliyopita. Umeniuliza, "Nasikia unaumwa, unaumwa nini?" Swali fupi, nawe ulidhani jibu litakuwa fupi. Kaa chini.

Kwanza unisamehe mwandiko. Sina haraka yoyote, ni mkono unaotetemeka, na habari yenyewe ndiyo hiyo ya mkono.

Pumu unaijua. Wewe ndiye uliyekuwa unanibebea begi tukipita kwenye foleni ya malori ya mpakani na moshi wake. Hiyo nimeizoea kama mtu anavyomzoea jirani mwenye redio ya kelele. Ugonjwa wa pili ulikuja Agosti mwaka jana, miezi michache baada ya nyinyi kuhamia Mombasa. Nikawa nakunywa maji kama ngamia, usiku naamka mara nne mara tano kwenda chooni, sketi ya shule inateremka kiunoni. Mama alidhani narefuka tu. Kliniki moja ya hapa mjini wakanipima, wakasema malaria, tukarudi na dawa. Siku ya tatu nikaanza kuhema, pumzi ndefu nzito, na unajua nyumbani kwetu nikihema kinachofuata ni nini. Kaka akaleta pampu ya pumu. Mara mbili, mara nne, wapi. Kifua hakikuwa kinapiga filimbi hata kidogo, lakini nani alisikiliza? Bibi anasema pumzi yangu ilinuka kama matunda yaliyooza.

Hospitalini wakanitoboa kidole, mashine ikaandika HI. Kaka yangu, na akili zake zile, anasema alidhani inamsalimia. Kumbe ni kifupi cha "high", yaani juu: mashine ile huishia 33 na ushee (milimoli kwa lita), na sukari yangu ilikuwa imeshapita hapo. Damu ilikuwa imejaa tindikali kwa kukosa insulini, na mwili ulikuwa unajaribu kuitoa kwa kuhema. Pumu ilisingiziwa tu, maskini.

Kisukari aina ya kwanza. Mtaani wanasema sukari ni ugonjwa wa wazee na matajiri, kwa hiyo mimi ama nimelogwa ama nimekula peremende kupita kiasi. Si hili wala lile. Kinga ya mwili wangu ilizishambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini ikidhani ni adui. Sasa najichoma mwenyewe, asubuhi na jioni, nusu saa kabla ya kula. Friji hatuna, hivyo chupa inakaa kwenye chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, juu kitambaa kibichi. Bibi ndiye msimamizi wa mchanga. Ukipita bila kuunyunyizia maji utaulizwa kama unataka kumwua mjukuu wake.

Nilisoma mahali kwamba mtu wa kwanza kuchomwa insulini alikuwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, huko Toronto, Januari 1922. Miaka 14, Salma, kama mimi. Sindano ya kwanza haikumfaa kitu kwa sababu dawa haikuwa safi, wakaisafisha, wakamchoma tena siku chache baadaye, ndipo sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi. Huwa namfikiria yeye kuliko ninavyowafikiria madaktari wake. Sijui kama alimwuliza mtu, "Na hii ya pili, mna hakika?"

Wa tatu ndio ulionivunja. Januari, nakula vizuri, najichoma vizuri, bado napungua. Usiku moyo unapiga mpaka nasikia godoro linadunda. Bibi akanitazama shingo akasema, "Huyu ana rovu." Tukaenda Kampala. Daktari akanipa kikombe cha maji, akaniambia nimeze pole pole huku amenishika koo, kisha wakatoa damu. Ni tezi ya thairoidi, ile ya shingoni yenye umbo la kipepeo, inafanya kazi kupita kiasi. Nayo pia ni kinga yangu mwenyewe inayoichokoza. Daktari alisema huo na kisukari ni ndugu, ukimwona mmoja usishangae mwingine akitokea. Pumu siyo wa ukoo huo, ni mpangaji. Siku ya kisukari sikulia. Siku hiyo nililia kutoka Kampala mpaka daraja la Jinja, na tulipofika pale kwa wauza gonja, zile ndizi za kuchoma, na kuku wa kuchoma, wale wanaosukuma mishikaki dirishani, Mama hakununua hata kimoja, kwa ajili yangu, nikalia upya kwa sababu hiyo.

Sasa sikiliza shida ilipo. Sukari ikishuka natetemeka, natoka jasho, moyo unakimbia. Nikivuta pampu ya bluu, natetemeka na moyo unakimbia, ndivyo dawa ile ilivyo. Tezi ikichachamaa natetemeka, natoka jasho, moyo unakimbia. Wote watatu wanabisha hodi kwa sauti ileile, na mimi niliye ndani sijui nani yuko mlangoni.

Machi, shuleni, nilijichoma saa kumi na mbili na nusu kama kawaida, maana uji hutoka saa moja. Siku hiyo kuni zilikuwa mbichi, uji ukachelewa. Insulini haijui habari za kuni. Saa mbili kasoro niko kwenye kipindi cha hesabu, namba 7 naiandika inakuwa kama nyoka. Metroni akaitwa, akaona pampu mfukoni, akasema ni pumu, vuta. Nikavuta. Mkono ukawa kama wa mtu anayepepeta mchele. Vuta tena. Aliyeniokoa ni msichana ninayekaa naye dawati moja, ambaye kwa kawaida hatuelewani hata kwa sababu ya kifutio. Alichomoa kipimo kwenye begi langu bila kumwuliza mtu. 2.4. Sakafu, yaani sukari isishuke chini ya hapo, ni 4. Vijiko vitatu vya sukari kwenye kikombe cha maji, dakika 15, kipimo tena. Metroni alininunia wiki nzima, kama vile nilimdanganya mimi.

Tangu siku hiyo mkono ukianza, natoboa kidole kwanza, ubishi baadaye. Vijiti vya kupimia ni ghali, Mama anavihesabu kila Ijumaa, lakini kwa hilo hanigombezi.

Na dawa zenyewe hazipatani. Aprili mvua zilipoanza kifua kikabana, nikapewa vidonge vya stiroidi, kifua kikafunguka na sukari ikapanda hadi 22. Kwa ajili ya tezi nameza kabimazoli, na nimeambiwa nikipata homa na koo kuuma nikimbilie kupimwa damu, kwa sababu inaweza kuzipunguza chembe nyeupe. Homa, hapa Busia! Huko Kampala daktari alikuwa ameshaandika na propranololi, ya kutuliza kutetemeka. Kisha akaiona pampu mkononi mwa Mama, akauliza, "Hii ni ya nani?" Akalikata lile jina kwa mstari mmoja mrefu. Ingebana kifua, na tena ingenifichia dalili za sukari kushuka. Karatasi hiyo ninayo. Namwamini daktari yule kwa sababu ya ule mstari.

Ramadhani sikufunga. Shehe mwenyewe alikuja nyumbani kumwambia Bibi kwamba mgonjwa ameruhusiwa, lakini bado nilikuwa nakula nyuma ya jiko kama mwizi, na mdogo wangu mwenye miaka minane, aliyefunga siku nne tu, akinitazama kama kadhi.

Kuhusu kuja Mombasa likizo ya Agosti, Mama amesema "tutaona", na unajua "tutaona" ya Mama huwa ni nusu ya ndiyo. Nikija usinifanye yai. Niache nitembee, nicheke, nikasirike. Ila ukiona kijiko kinagonga kikombe na mimi nimenyamaza, usiniulize kama niko sawa, nitasema ndiyo. Lete kipimo. Kiko mfuko wa mbele wa begi, pale tulipokuwa tunaficha mabuyu. Na mabuyu uyatafute, yale mekundu. Nitayapigia hesabu yangu.

Naishia hapa, Mama anaita, ni saa ya sindano na wali umeshaiva. Nimepima sasa hivi, 13, na hapa hakuna fumbo lolote. Nilikula embe la Bibi saa tisa, lote, mpaka kokwa.

Msalimie mama yako sana, na umwambie mjomba barua zisafiri na kitu kingine.

Wako,
Rehema