Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Madereva na Wenye Magari wa Barabara ya Isiolo–Moyale

Wanachama wapendwa, wazee wetu, akina mama na vijana, asalaam aleikum na Bwana asifiwe.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tulitembelea shule za kando ya barabara kuanzia Archer's Post hadi Laisamis, tukagawa majaketi ya kung'aa kwa wachungaji wa ngamia, tukazifariji familia 3 zilizofiwa, tukakaa na maafisa wa trafiki mara 2 kuhusu malori ya mifugo yanayobeba abiria juu ya vyuma vinavyopita juu ya mifugo. Mashindano ya mpira hayakufanyika kwa kukosa mdhamini. Mengine yote Katibu anayo kwenye kitabu.

Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo lililozua maneno mwaka mzima, nalo ni Sh148,500 ambazo kamati ilizitoa kwenye mfuko wa rambirambi kununua machela, masanduku ya huduma ya kwanza na mafuta ya kuwakimbiza majeruhi hospitalini. Nimeambiwa nimekula pesa za maiti. Nimeambiwa nimejifanya gavana. Nilinyamaza kwa heshima ya chama, ila leo nina haki ya kujibu.

Wanaosema kazi ya ambulensi ni ya kaunti wanasema kweli, na mimi nililisema hilo kabla yao. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa kaunti huduma za afya na inataja ambulensi waziwazi. Barabara kuu yenyewe ni ya serikali ya kitaifa, iko chini ya KeNHA, yaani mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, na polisi wa trafiki ni wa taifa vilevile. Lakini mtu akishatupwa kwenye lami hiyo ya taifa, gari la kumbeba linatoka kwa kaunti. Kifungu cha 43 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba matibabu hayo yanaanza kabla majeruhi hajafika hospitalini. Vifungu hivi nimevibeba kwenye bahasha mara 7, kwa nauli yangu mwenyewe, hadi kwenye ofisi za watu wanaovijua kuliko mimi.

Shida ni kwamba njia yetu ina zaidi ya kilomita 500 na inakata kaunti tatu: Isiolo, Samburu na Marsabit. Zamani ya vumbi na mawe safari ilikuwa ya siku mbili au zaidi, na gari likianguka lilianguka polepole. Tangu lami ilipokamilika tunashuka kutoka Moyale kwa siku moja, usiku ngamia wamelala barabarani kwa sababu lami ina joto, na mnajua ngamia anavyogongwa: miguu inakatwa na bampa, mwili mzima unaingia kwa kioo cha mbele.

Usiku ule wa lori la ng'ombe nilikuwa nyuma yake, sikuhadithiwa. Ilikuwa saa tatu kasorobo, karibu na mpaka wa kaunti mbili. Sitazitaja, kwa kuwa barua zetu bado ziko mezani kwao. Dereva aliwakwepa ngamia, lori likalala ubavu. Tanboi, yule kijana msaidizi wa dereva, alikuwa juu ya vyuma pamoja na abiria wawili. Nilipiga simu ya kwanza, nikaulizwa niko upande gani wa daraja, kisha nikaambiwa, "Hapo ni ng'ambo, si kwetu." Nikapiga upande wa pili. Huko ambulensi ilikuwepo, dereva alikuwepo, ila karatasi ya mafuta ilihitaji sahihi ya afisa ambaye alikuwa safarini.

Mama mmoja abiria alivua leso zake mbili tukazipasua. Tulivunja ubao wa ubavuni mwa lori tukaufanya banzi la mguu wa yule kijana. Mfupa ulikuwa umetoka nje. Alinishika mkono akaniuliza, "Mzee, ng'ombe wamepona?" Alikuwa anawaza atakatwa kwenye mshahara. Tulimlaza nyuma ya pikapu ya mwanachama wetu juu ya magunia ya makaa, tukafika hospitalini saa saba kasoro dakika kumi. Kijana yu hai, mguu ulikatwa juu ya goti. Abiria mmoja wa wale wawili alikata roho njiani, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Wiki iliyofuata niliitisha mkutano maalum, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Tuko wanachama 164, na akidi kwa katiba yetu ni 55. Walikuja 31. Nikaitisha wa pili, nikatuma ujumbe kwa kila namba na kuwapigia wazee wa kila kituo. Walikuja 22, na 9 kati yao waliondoka kabla ya chai. Kanuni zetu zinasema mkutano ukikosa akidi mara mbili, kamati inaamua mambo ya dharura. Kamati ikaamua. Waliopiga kelele zaidi baadaye, nimeangalia orodha ya mahudhurio, hakuna hata mmoja aliyekuwa ndani ya ukumbi.

Tulinunua machela 6 na masanduku 8, tukayagawa Archer's Post, Sereolipi, Merille, Laisamis, Log Logo na Turbi, na mengine mawili yakabaki Isiolo. Tuliwalipia vijana 14 mafunzo ya siku mbili. Pia tulikubaliana kwamba mwanachama mwenye pikapu akimbeba majeruhi tunamrudishia mafuta kwa risiti. Tangu hapo safari zilizolipiwa ni 17. Mara 2 mafuta hayo yaliingia kwenye ambulensi ya serikali yenyewe, na hapo ndipo maneno yalipokuwa makali: eti tunawazoeza vibaya. Hoja hiyo naielewa, hata mimi iliniuma. Lakini gari lenye kitanda na oksijeni limesimama mbele yangu, linakosa lita 30 tu, na mama mjamzito anavuja damu. Nililipa, na usiku kama ule ukirudi nitalipa tena. Risiti zote mbili nimeziambatisha kwenye barua za kudai kurudishiwa.

Mzee mmoja aliuliza, je, majeruhi akifia mikononi mwetu, nani ashtakiwe? Ni swali la haki. Ndiyo maana mafunzo yalikuja kwanza. Vijana wamefundishwa kuzuia damu, kutomvuta mtu shingo, na kutomhamisha ila kama kuna moto au hakuna msaada unaokuja.

Kuhusu marehemu ndugu yetu ambaye familia yake ilisubiri wiki tatu kupata Sh20,000 za rambirambi, niliwaomba radhi nyumbani kwao, na leo naomba radhi tena mbele yenu. Walilipwa zote. Lakini msiseme machela ndizo zilizowachelewesha. Ada ni Sh200 kwa mwezi, bei ya chai na chapati chache njiani. Tulipaswa kukusanya Sh393,600, tumekusanya Sh187,400. Tulianza mwaka na Sh96,300. Vifaa na mafunzo Sh87,500, mafuta Sh61,000, rambirambi Sh60,000, simu, nauli na karatasi Sh24,300, zimebaki Sh50,900. Mweka Hazina anazo stakabadhi. Mfuko ungekuwa na zile Sh206,200 ambazo hazijalipwa, familia ile isingesubiri hata siku mbili. Kuna wenye malori matatu hapa ambao mara ya mwisho kulipa ni kabla ya uchaguzi wa kamati hii. Majina sikuyasoma leo, lakini Katibu anayo.

Mwaka ujao tunatarajia kuendelea kuzibembeleza kaunti zote tatu zikae meza moja. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaziruhusu kuunda kamati au mamlaka ya pamoja, kwa hiyo kisingizio cha mpaka hakina msingi. Tunataka namba moja ya simu kwa njia nzima, na ambulensi iliyo karibu ije bila kuuliza daraja ni la nani. Tunatumaini pia wahisani watajitokeza, na Mungu akijalia tupate gari letu wenyewe. Mazungumzo yapo, siwezi kusema zaidi kwa sasa.

Nawashukuru wenye pikapu walioamka usiku, hasa wale wa Merille ambao hawakuwahi hata kudai mafuta. Simu yangu haizimwi, mnajua.

Machela ya Sereolipi ilichukuliwa mwezi uliopita kubebea mgonjwa wa nyumbani na haijarudi kituoni. Aliye nayo airudishe kabla ya Ijumaa, hataulizwa lolote. Siku ya soko la Merille iko karibu, na malori yatakuwa mengi.

Mwenyekiti