Ile pointi si yangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe linalonikera tangu Jumapili. Kwenye mashindano ya chesi hapa Kigoma nimeandikiwa ushindi ambao sikuupata.

Mimi ni mtu wa drafti, miaka nenda rudi chini ya mwembe pale Ujiji nikisukuma vizibo vya soda. Chesi nimejifunza ukubwani, kwenye simu ya mwanangu. Mpinzani wangu alikuwa kijana wa sekondari, mtaratibu kweli. Nikamlia farasi wawili, baadaye ngome, mpaka akabaki na mfalme mtupu kwenye kona, mraba wa h8. Mimi nina malkia, na mfalme wangu bado yuko mbali huko.

Papara ikaniponza. Badala ya kumsogeza mfalme aje kusaidia, nikampeleka malkia g6. Kijana akakodolea ubao. Aende g8, malkia yupo akipalinda. G7, yupo. H7, yupo. Lakini pale alipokaa hakuna kinachomgusa. Akasema taratibu, "Mzee wangu, hii si ni sare?"

Msimamizi akaja, akachungulia. "Ana pa kwenda?" Hana. "Basi kafungwa." Mimi moja, kijana sifuri. Watazamaji wakapiga makofi, na siwalaumu, maana kwenye drafti aliyebanwa asiweze kusogea kashindwa. Wengi wetu mle ukumbini tumetoka huko huko.

Kwenye chesi sivyo. Sheria za FIDE, shirikisho la chesi duniani, zinasema mwenye zamu akikosa pa kusogea, na mfalme wake hashambuliwi, mchezo umekwisha kwa sare: nusu kwako, nusu kwa mwenzako. Tena nilikuwa naijua sheria hiyo! Nikanyamaza, nikampa mkono mtoto wa watu, nikaenda kunywa maji.

Kwa nusu pointi hiyo kijana akakosa kuingia kwenye zawadi. Naomba waandaaji warekebishe matokeo, na safari ijayo sheria zibandikwe ukutani kwa Kiswahili, msimamizi naye awe amezisoma kabla ya kushika kalamu.

Dumu la mawese nililopewa sijalifungua. Liko nyuma ya cherehani yangu. Kijana akipita anajua pa kunipata.

Mzee wa Drafti,
Ujiji, Kigoma