Barua kwa Rehema, kuhusu yule mama wa Blockley

Rehema shosti,

Za masiku? Watoto hawajambo, na mama mguu unaendeleaje? Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza nikairudia, hasa pale uliposema umri umeshakwenda, hadithi za upelelezi waandike wadogo zako, wewe ubaki na duka. Nilitaka nikujibu kwa voisi nikaona hapana, hili nikuandikie nitulie, maana kuna mama mmoja nataka umjue.

Anaitwa Marion Chesney, ila kwenye vitabu vya upelelezi alijiita M.C. Beaton. Huku Cotswolds, eneo la vijijini Uingereza ninakofanya kazi ya kuhudumia wazee, nyumba nyingi ninazoingia nakuta kitabu chake mezani, na kina muhuri wa maktaba, ndo na mimi nikaanza kuazima. Alikaa kijiji cha Blockley, nyumba za mawe ya rangi ya asali, kanisa moja la zamani, kijiji kidogo kabisa yani, na BBC wanakitumia kurekodia tamthilia yao ya padri mpelelezi. Alifariki mwisho wa Desemba 2019 akiwa na miaka 83.

Sasa sikia alikotoka. Alizaliwa Glasgow, mji wa Scotland, mwaka 1936, akaanza kwa kuuza vitabu dukani, akaingia magazetini, kwanza kuandika habari za maonyesho ya jukwaani kisha habari za uhalifu wa Glasgow, na Glasgow ya wakati ule haikuwa mchezo. Baadae London, akaolewa na mwandishi wa habari mwenzake, wakahamia Marekani, kazi zikawa ngumu mpaka akawa mhudumu wa mgahawa, yule anayebeba sahani. Marion huyuhuyu! Huko huko Marekani akaanza kuandika riwaya za mapenzi za Uingereza ya miaka mia mbili iliyopita, za mabinti na mabwana wenye vyeo, akaandika zaidi ya 100 kwa majina tofauti tofauti. Hiyo mia ndo ilikuwa shule yake, mi naona hivyo, maana ukisoma vitabu vyake vya baadae hakuna sentensi inayozurura, anaingia ndani ya jambo moja kwa moja kama mtu wa gazeti.

Cha upelelezi cha kwanza kilitoka 1985, anakaribia miaka 50. Yeye na mumewe walikwenda kujifunza kuvua samaki kwa ndoano huko Sutherland kaskazini mwa Scotland, akawaangalia wanafunzi wenzake, watu wachache wasiojuana wamefungiwa sehemu moja mbali na dunia, akaona hapa mtu akiuawa kila mmoja ni mshukiwa. Akazaliwa polisi wa kijiji Hamish Macbeth. Na Agatha Raisin, mpelelezi wake mwanamke, yule aliyempa jina kubwa kabisa, alikuja 1992, Marion mwenyewe ana miaka 56. Hamsini na sita Rehema, we una ngapi?

Agatha alivyopatikana ndo napapenda zaidi. Mwalimu wa mtoto wake alimwomba aoke kitu nyumbani kwa ajili ya shughuli ya hisani, na yeye kuoka hajui, hakutaka kumwangusha mwanawe, basi akanunua pai za mayai na jibini dukani akatoa karatasi za duka akazifunga upya kama za nyumbani, na watu wakazisifu kweli. Miaka ikapita, mhariri wake akamwomba mpelelezi wa Cotswolds, akaikumbuka ile pai. Kwenye kitabu Agatha ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, ameuza kampuni yake London, amenunua nyumba kijijini, hajulikani na mtu, anataka kupendwa, basi anaingia shindano la mapishi na pai ya kununua na jaji anaila anakufa kwa sumu. Hapo afanyeje, akikiri pai si yake anaaibika kijiji kizima, akinyamaza anaonekana muuaji!

Wapo wanaodharau hadithi za aina hii, wanasema nyepesi, damu haionekani, mwisho muuaji anakamatwa na watu wanakunywa chai. Mimi sikubaliani nao kabisa. Huyu mama aliandika uhalifu wa kweli gazetini, alijua damu ikoje, akachagua kuandika upweke wa mtu mgeni kijijini, wivu wa wanakamati wa chama cha akina mama wanaoitana kwa majina ya ukoo tu utadhani wako mahakamani, na mke wa mchungaji ambaye ndo rafiki anayemsikiliza Agatha bila kumhukumu. Wazee wangu huku wanavisoma usiku usingizi ukigoma na vinawaliwaza, hiyo kazi kubwa sana mwenzangu.

Na kingine, kwa miaka kadhaa ndiye alikuwa mwandishi wa Uingereza wa vitabu vya watu wazima aliyeazimwa kuliko wote kwenye maktaba za nchi hii. Huku kuna sheria tangu 1979, kitabu kikiazimwa mwandishi analipwa peni chache, kikomo pauni 6,600 kwa mwaka, kwa hiyo hata msomaji asiye na hela ya kununua kitabu anamlisha mwandishi wake. Natamani na kwetu iwepo. Vitabu vya Hamish na Agatha kwa pamoja alifikisha zaidi ya 60, na aliendelea kuandika mpaka uzeeni.

Sasa wewe. Usiniandikie kijiji cha Uingereza, hicho kina wenyewe. Ile kesi uliyonisimulia ya mweka hazina wa kamati ya harusi, michango imepotea na kila mtu pale ukumbini ana sababu ya kumchukia mwenzake, hiyo ndo hadithi, unawajua wote wanavyoongea, wanavyovaa, nani anadaiwa na nani. Muue mtu mmoja tu humo (wa kitabuni jamani!) halafu mpe kazi ya kupeleleza yule shangazi mjeuri asiyealikwa kwenye vikao.

Mume wangu anakuja huko Desemba, nitampa cha kwanza cha Agatha akuletee, kimetumika kidogo ila kurasa zote zipo. Na wewe mpe sura ya kwanza arudi nayo, hata ya kuandikwa kwa mkono kwenye daftari la duka.

Nisalimie mama sana.

Wako,
Zuhura