Kwa mdogo wangu uliyeko Maskati, kuhusu kamba za viatu

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umeuliza ada, umeuliza homa, umeuliza bati la jikoni. Bati limebadilishwa. Viatu hukuuliza, na mimi la kusema juu ya viatu ninalo tangu siku ile ya stendi. Simu zako hazitoshi dakika mbili, ndiyo maana naandika hapa. Wasomaji watatuvumilia.

Mwanao anafunga kamba mwenyewe sasa. Anakaa kizingitini asubuhi, ulimi nje, anafunga zote mbili.

Wewe unadhani mtoto anaamka tu siku moja anajua. Wiki tatu! Tulianzia kwenye mguu wa kigoda, na kipande cha katani, maana katani ni ngumu, kitanzi ukikisimamisha kinasimama. Kamba ya kiatu ukigeuka tu imeshalala. Alipozoea tukahamia kwenye kiatu chenyewe, upande mmoja kamba nyeusi, upande wa pili ile nyeupe ya raba zako za zamani, aone ipi inapita juu ya ipi. Bado kila akimaliza masikio ya fundo yanalala kwa urefu wa kiatu, moja linatazama vidole, jingine kisigino, na kabla hajafika mstarini fundo limeachia. Nikamgombeza kuwa hasikilizi. Kumbe kosa langu. Nilikuwa nakaa ubavuni mwake, naye ni wa kushoto: mzunguko wa kwanza anaiga wangu, wa pili anaufuata mkono wake, yote miwili inaelekea upande mmoja. Nilipohamia mbele yake, tukawa kama mtu na kioo, siku ya pili masikio yakakaa kwa mapana. Akacheka mpaka akalala chali.

Hicho ndicho alichotaka kukuonyesha pale stendi ya Kange. Kamba ilikuwa imefungwa vizuri, akachuchumaa akaifungua makusudi, apate kuifunga mbele yako. "Baba, tazama." Ukatazama. Ukasema, "Mkono gani huo?" Ukaupiga ule mkono. Kisha ukapiga goti ukamfungia mwenyewe, fundo juu ya fundo, kondakta anakuita, watu wanatuangalia, ukapanda basi. Usiku fundo halikufunguka. Nililikata kwa wembe, mtoto amelala na kiatu kimoja mguuni.

Utasema adabu. Chakula anakula kwa kulia, kitu anapokea kwa kulia, nani aliyemfundisha kama si mimi? Kamba inataka mikono yote miwili, wala haiendi mezani. Na wa kumpiga kwa hilo ndiye wewe? Kitambaa cha baba umekisahau, ulivyofungwa kiganja ukashinda unamwaga uji?

Najua unachotaka kunirudishia. Ndiyo, ni mimi niliyemwambia baba kwamba unaandikia kushoto. Nilikuwa na miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa husema alichokiona. Sikumwambia akufunge. Na ule uji nani alikulisha, asubuhi zote zile, mpaka nikachelewa shule na mimi nikachapwa? Hilo hulisimulii ukiwa na rafiki zako.

Haya. Pesa ya mwezi huu imefika, Mungu akuzidishie, na najua joto la huko si la mchezo. Lakini nikuambie kitu kimoja ambacho sikukisema kwenye simu. Akisikia mtu anapiga hodi wakati anafunga viatu, anahamisha kamba mkono wa kulia. Anakosea, anaanza upya. Nikimwambia ni mimi tu, shangazi, anarudisha kushoto.

Ukija Desemba usimletee viatu vya kubandika. Kaa mbele yake, si ubavuni, umwombe akufungie vyako. Na uje na kamba nyeusi, fupi, za matundu manne. Mguu mmoja bado anavaa ile nyeupe yako, na mwalimu ameshauliza.

Dada yako